Rekodi za Nakivale na Mashine Inayojaza Ukimya

Kwenye vikao vya idara yetu, ikitajwa akili unde tu, mazungumzo hukimbilia wizi. Nani kaandikiwa insha na ChatGPT, nani adhibitiwe, nani asamehewe. Wizi naujua. Nimesimamia tasnifu za uzamili hapa kusini-magharibi mwa Uganda tangu kabla ChatGPT haijatolewa mwishoni mwa Novemba 2022, na hata wakati huo ungeweza kwenda kwenye vibanda vya kuchapa na kujalidi karibu na chuo chochote kikubwa, ukapata mtu wa kukuandikia utafiti mzima kwa bei ya maelewano. Mashine imemnyang'anya yule bwana wateja, basi. Jambo lililonikosesha usingizi mimi halimo kwenye ajenda za vikao hivyo. Ni sauti za watu tunaowahoji.

Kabla ya kuwa mwalimu nilijilipia karo kwa kunukuu mahojiano. Watafiti wa kila aina huja Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro ambayo yamekuwa yakipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na ukipita sokoni Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, unakisikia kila kona. Mtafiti hurekodi, huondoka, na rekodi huachiwa mtu kama mimi. Unavaa hedifoni, unasikiliza sekunde chache, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Saa moja ya mazungumzo hula saa tano au sita za kuandika, na zaidi ya hapo mvua ikiwa inapiga mabati. Malipo hayakuwa ya kujivunia. Lakini kazi ile ilinifundisha kwamba mtu akinyamaza katikati ya jibu, huruki. Unaandika "kimya" na idadi ya sekunde. Mchambuzi mzuri huanzia hapo hapo.

Basi mwanafunzi mmoja niliyekuwa namsimamia alikwenda Nakivale kuzungumza na akina mama wa Kikongo kuhusu elimu ya watoto wao. Binti mchapakazi, hana utani na kazi yake. Ni Mnyankole, na Kiswahili chake amekiokota barabarani na kwa majirani, kama vijana wengi wa huku. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, lakini waliopo kwenye shahada za uzamili sasa walishamaliza shule zamani. Kwa hiyo mtu anahoji kwa Kiswahili anachokimudu nusu, anaandika tasnifu kwa Kiingereza, na katikati kuna daraja ambalo lazima mtu au kitu kilivuke. Ukitaka kujua kwa nini wanafunzi wetu wanaikimbilia mashine, usianzie kwenye uvivu. Anzia hapo.

Alirudi, na baada ya muda mfupi mno akaniletea nukuu zote. Sikushuku wizi. Kilichonishangaza ni usafi. Mama wa Kivu, ambaye kwa kawaida angesema "balikuyaka usiku", alikuwa anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Walikuja usiku." Hakuna "yaani", hakuna kujirudia, hakuna sentensi iliyokatika. Nikaendelea kusoma. Kwenye ukurasa mmoja, baada ya swali kuhusu mtoto wake wa kwanza, mama ameandikwa akijibu: "Asante kwa kutazama." Chini yake kuna sentensi nyingine kwamba mtoto huyo anasoma Kampala na anaendelea vizuri.

Fomu ya ridhaa ilimruhusu msimamizi kusikiliza rekodi, kwa hiyo nikaifungua mbele ya mwanafunzi. Swali linaulizwa. Halafu hakuna kitu. Jogoo anawika mbali, mtu anavuta kamasi, kikombe kinawekwa juu ya meza. Muda unapita. Kisha mama anasema kwa sauti ya chini, "Tuendelee." Hakutaja Kampala. Hakusema lolote kuhusu yule mtoto.

Nikamuuliza binti kama aliisoma nukuu hiyo kabla ya kuniletea. "Nilisoma yote, mwalimu," akasema. "Nilipofika hapo nikadhani ni mimi sikusikia vizuri."

Jibu hilo bado linanisumbua kuliko kosa lenyewe. Alikuwa ameketi mbele ya yule mama, ameona uso wake, na bado alipoona maandishi aliyaamini maandishi. Kiswahili chake mwenyewe hakukiamini, na mashine aliyoipa rekodi imwandikie ilisema kwa kujiamini. Sijui mwanafunzi angepata wapi ujasiri wa kuibishia, wakati darasani tumemzoesha kwamba kilichochapwa ndicho cha kweli.

Yaliyotokea si ajabu kwa wanaoijua teknolojia hii. Programu nyingi za kunukuu sauti zimejengwa juu ya Whisper, ambayo OpenAI, kampuni ya ChatGPT, iliitoa Septemba 2022 baada ya kuifundisha kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa kwenye intaneti pamoja na maandishi yake. Video za intaneti huishia kwa kushukuru watazamaji, kwa hiyo sauti ikikatika, mashine inabahatisha kile ambacho kwa kawaida hufuata. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao: takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa vilitoka na maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na karibu vinne katika kila kumi vya hivyo vilikuwa na maneno yenye madhara, kama vile kuzua vurugu ambazo hazikuwepo. Tatizo lilizidi kwa watu ambao maradhi yamewafanya wasimame mara kwa mara wanapozungumza. Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini haiangukii popote tu. Inaangukia panapokuwa na ukimya, na kwenye mahojiano ya wakimbizi ukimya ndipo mambo mazito yalipo.

Kusikiliza upya rekodi zote ilikuwa kazi ya kuchosha lakini iliwezekana. Swali la pili ndilo lililokuwa gumu. Sauti zile zilikwenda wapi?

Alikuwa ametumia huduma ya bure ya mtandaoni. Unapakia faili, unasubiri, unapewa maandishi. Fomu ya ridhaa, ambayo akina mama wale waliisomewa kisha wakaweka dole gumba, ilisema rekodi itahifadhiwa kwenye kompyuta yenye nywila, itasikilizwa na mtafiti, msaidizi wake na msimamizi, kisha itafutwa. Hakuna mstari unaotaja kampuni ya nchi nyingine. Na huduma nyingi za bure hujiachia ruhusa ya kuhifadhi unachoziletea na kukitumia kuboresha mashine zao, isipokuwa utafute mahali pa kuzima ruhusa hiyo. Nani anatafuta?

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inasema data binafsi ikichakatwa nje ya nchi, lazima huko iendako kuwe na ulinzi unaolingana na wa kwetu au mwenye data awe ameridhia. Tena, utafiti kama huu hauanzi hivi hivi. Unapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, unasajiliwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kuingia makazi ya wakimbizi kunahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwanafunzi hupigwa danadana miezi kadhaa akizungukia mihuri, halafu ahadi yote aliyoitoa kwenye makaratasi hayo inavunjwa kwa kubofya mara moja, usiku, hosteli, bila nia mbaya yoyote.

Wapo wenzangu walionishauri tunyamaze. Hakuna aliyelalamika, walisema, na binti ataumia bure. Nilikataa, na siyo kwa ushujaa. Kama kamati ingeligundua baadaye, ingekuwa vibaya zaidi kwake. Tukaandika taarifa. Kamati haikumfukuza wala kumtukana, jambo ambalo naliheshimu. Ilimtaka aombe faili zifutwe huko zilikopelekwa, kisha arudi kwa kila mama amweleze kilichotokea na kumpa nafasi ya kujitoa.

Nikaenda naye. Teksi hadi Isingiro, kisha bodaboda kwenye vumbi jekundu. Kueleza akili unde kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda anachambua maharage ni mtihani ambao ningependa kila mwandishi wa sera za vyuo aufanye. Tulisema: ile sauti yako tuliipeleka kwa mashine iliyo nchi nyingine ituandikie, na hatukukuomba ruhusa. Wengi walicheka, wakasema hakuna shida, wamezoea kuulizwa maswali na kila shirika. Mama yule wa ukimya hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza: "Na bale batu tulibakimbia, banaweza kusikia?"

Tulimjibu ukweli, kwamba hatuoni namna ambayo wangeweza, lakini hatuwezi kuapa. Akasema basi yake tuitoe. Wachache wengine nao wakatoa zao. Sura ya nne ya tasnifu ikapungua, na binti akahitimu nyuma ya wenzake. Nimewahi kusikia ikisemwa koridoni kwamba nilimcheleweshea mtoto wa watu maisha kwa ajili ya utaratibu. Anayesema hivyo namwomba akalijibu yeye swali la yule mama.

Sasa hapa ndipo wengine hudhani nitasema mashine ipigwe marufuku. Sisemi. Whisper yenyewe unaweza kuipakua ukaiendesha ndani ya kompyuta yako, intaneti ikiwa imezimwa, na sauti isitoke chumbani. Tunafanya hivyo siku hizi. Toleo dogo linakimbia lakini Kiswahili linakiborongaboronga. Toleo kubwa ni bora, ila kwenye laptopu ya kawaida utaliacha likikokota usiku kucha, na umeme ukikatika saa nane unaanza upya. (Usambazaji wa umeme ulihamia kampuni ya serikali mwaka 2025. Kukatika hakujahamia popote.) Tunapata rasimu, halafu mtu anaketi na hedifoni na kuipitia toka mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo analipwa, na awe anakijua Kiswahili cha wahojiwa. Mama wa Kivu akisema "nilikamata batoto" anamaanisha aliwachukua watoto wake na kuondoka; mashine imewahi kututafsiria kwamba aliwatia mbaroni. Ukimya unaandikwa kwa sekunde, kama zamani. Majina ya watu, vijiji na makundi yenye silaha yanabadilishwa kabla maandishi hayajaonyeshwa kwa programu yoyote ya mtandaoni, hata ile ya kunyoosha Kiingereza.

Kunyoosha Kiingereza naruhusu, ilimradi mwanafunzi aseme kwenye utangulizi ametumia nini na kwa kazi gani. Naruhusu pia aitumie kujihoji: aipe maswali yake ya mahojiano na kuiuliza yapi yanamwelekeza mhojiwa kwenye jibu fulani. Hapo inasaidia kweli, na haihitaji siri ya mtu yeyote. Marejeo simruhusu aichukulie mashine. Imeshaniletea makala yenye jina la jarida la kweli, mwaka, kurasa, hata mwandishi anayefahamika, na makala hayapo. New York mwezi Juni 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuipelekea mahakama kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT. Kwetu dawa yake ni rahisi: naokota marejeo mawili matatu na kumwambia mwanafunzi anifungulie makala yenyewe mezani pangu.

Vigunduzi vya akili unde, vile vinavyotoa asilimia, sivitumii kumhukumu mtu. OpenAI ilikiondoa cha kwake Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vigunduzi saba insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Mwanafunzi wa Uganda aliyechapwa viboko shule ya msingi mpaka akaandika Kiingereza kilichonyooka kama rula ndiye wa kwanza kukamatwa. Kwenye utetezi wa tasnifu swali moja tu la "kwa nini ulimchagua mhojiwa huyu?" linaniambia zaidi ya asilimia yoyote.

Kuna jambo ambalo kwenye vikao halisemwi kwa sauti, nalo ni walimu. Mtahini mmoja, simtaji wala chuo chake, alirudisha maoni ya tasnifu ya mwanafunzi wangu akiisifu "sura ya sita kwa mjadala wake wa kina". Tasnifu ile ilikuwa na sura tano. Kila mtu mezani alielewa, na hakuna aliyesema. Kazi ya mwanafunzi ambayo haijachapishwa, yenye maneno ya watu walioahidiwa siri, ilikuwa imetupwa kwenye mashine na mtu aliyelipwa kuisoma. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakataza wakaguzi wao kufanya hivyo tangu Juni 2023, kwa sababu hiyo ya usiri. Sisi tunayo kanuni ya kurasa kadhaa kuhusu udanganyifu wa wanafunzi. Ya watahini bado inasubiri kikao kijacho, na kile cha baada ya hicho.

Ninapopendekeza kanuni za matumizi ya mashine hizi, huulizwa kama sioni kwamba nawarudisha nyuma Waafrika. Lakini tazama wanaoijenga teknolojia hii hapa hapa. Sunbird AI ya Kampala imetengeneza zana za lugha zetu, Kiluganda, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole. Common Voice, mradi wa Mozilla, una sauti za Kiluganda na Kiswahili ambazo watu walizisoma kwa hiari yao, wakijua zinakwenda wapi na kwa nini. Mashine za namna hiyo nazitaka ziongezeke, na yule mama wa Nakivale siku moja akitaka kuisomea sauti yake, na aisome. Tofauti ni kwamba ataulizwa kwanza.

Kwenye fomu yetu ya ridhaa sasa kuna aya ya Kiswahili inayosema rekodi itanukuliwa na programu iliyo ndani ya kompyuta ya mtafiti, haitapelekwa mtandaoni, na mtu ataihakiki. Msomaji wa kamati alilalamika kwamba fomu imekuwa ndefu. Ni kweli ni ndefu. Aya ya kuelezea faida za utafiti kwa jamii tumeipunguza ili nafasi ipatikane. Ilikuwa na ahadi nyingi kuliko uwezo wetu.

Tatizo jipya ni simu. Wanafunzi hawanunui tena vinasa sauti, wanarekodi kwa simu, na simu nyingi zinanakili faili kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe mara zinapopata intaneti. Nyingine zina programu ya kurekodi inayonukuu papo hapo. Mtafiti habofyi chochote. Kwa hiyo siku ya kuelekea uwandani, kabla hatujapanda teksi, tunaketi kantini na kila mtu anatoa simu yake tunazima vipengele hivyo kimoja kimoja. Kila toleo jipya la simu linavificha mahali tofauti, na kuna siku tumekosa teksi ya asubuhi tukivitafuta.